Uzi: Tunaandika kila siku kuhusu watu wenye ulemavu tunaowahudumia. Nani anasoma?

Mleta Uzi

Wakuu, nimefanya kazi miaka tisa kwenye nyumba ya makazi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, sita kati ya hiyo nikiwa kiongozi wa zamu. Fomu nilizojaza hazihesabiki. Leo naomba tuzungumze jambo moja: hayo tunayoyaandika yanakwenda wapi, na yanamfaa nani.

Nianze na kijana mmoja. Hasemi kwa maneno. Alipofika kwetu alikuwa mtulivu, anapenda kuchezea maji, ukimwimbia anatabasamu. Mwaka wa pili akaanza kujipiga kichwani, kujiuma mkono, kusukuma wenzake. Kila tukio tuliliandika kwenye daftari la matukio: saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, tulichukua hatua gani. Mwisho wa mwezi nilijumlisha, nikajaza fomu, nikapeleka ofisini. Jumla ilipopanda kikaitwa kikao, daktari akaombwa aongeze dawa ya kutuliza. Akaongeza. Mwezi uliofuata jumla ikapanda tena.

Tuliishi hivyo miezi saba. Kilichotutoa ni swali la msaidizi mpya ambaye hata mwezi hajamaliza kazini. Aliuliza, "Siku moja kabla ya tukio, huwa yukoje?" Wote tukatazamana. Na majibu yalikuwa rafuni. Tulikuwa na daftari la afya lenye usingizi, maji na choo. Tulikuwa na daftari la matukio. Tulikuwa na ratiba ya zamu. Madaftari matatu kwenye rafu moja, na hakuna aliyewahi kuyafungua pamoja.

Usiku ule tulichukua karatasi kubwa, tukachora siku tisini kwa mstari mmoja. Siku ya tukio tukaweka alama nyekundu, siku aliyopata choo alama nyeusi. Karibu alama nyekundu zote ziliangukia siku ya tatu au ya nne ya kukosa choo. Kijana alikuwa anaumwa tumbo. Na ile dawa tuliyokuwa tunaomba iongezwe ni ya jamii inayofunga choo.

Mpaka leo nikikumbuka naumia. Maumivu yake tuliyaandika sisi wenyewe, kwa mkono wetu, siku tisini mfululizo.

Fomu ya mwezi ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na ofisi ikaipeleka kwa mfadhili na kwa mkaguzi. Hao wana haki ya kujua, sibishi. Ila jumla ya mwezi haiwezi kumwambia mtu wa zamu afanye nini kesho asubuhi. Ile karatasi ya alama nyekundu na nyeusi iliweza. Tulimpelekea daktari, dawa ikapunguzwa pole pole, maji na mazoezi yakaingia kwenye mpango wake, na ndani ya wiki chache tukaanza kumwona yule kijana wa mwanzo. Msimamo wangu basi ni huu: chochote kinachoandikwa kuhusu mtu kimrudie kwanza yeye na walio naye kila siku, tena kirudi mapema, wakati bado kinaweza kubadili kitu.

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian aligawa ubora wa huduma ya afya kwenye mafungu matatu: muundo, yaani majengo, vifaa na idadi ya wafanyakazi, mchakato, yaani kinachofanyika, na matokeo, yaani kilichompata mtu mwenyewe. Mgawanyo huo unatuonyesha vizuri sana tunapojificha. Sisi tunapima muundo na mchakato kwa sababu ni rahisi. Wafanyakazi wangapi wamehudhuria mafunzo. Mipango mingapi imesainiwa. Nimewahi kuripoti kwamba mipango yote imesainiwa, kila mmoja, na mwezi huohuo kulikuwa na watu wawili ambao hawakutoka nje ya geti hata mara moja. Hakuna kisanduku kwenye fomu kilichoniuliza.

Naomba pia tusichanganye mambo mawili. Kuna kuhesabu watu wenye ulemavu, na kuna kupima huduma wanayopewa. Kwenye kuhesabu dunia imepiga hatua. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inazitaka nchi zikusanye takwimu. Kundi la Washington, la wataalamu wa takwimu chini ya Umoja wa Mataifa, lililoanza mwaka 2001, lina maswali sita mafupi yanayoingizwa kwenye sensa: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilikadiria watu wenye ulemavu ni bilioni 1.3, karibu asilimia 16 ya watu wote. Hayo yanatusaidia kujua wako wangapi na wako wapi. Kwamba leo asubuhi mmoja wao aliamshwa kwa heshima au kwa kuvutwa shuka, hilo linajulikana ndani ya nyumba tu.

Karibuni tuchangie. Hasa mlioko kwenye zamu, na hasa mnaohudumiwa.

Zamu ya Usiku

Mkuu, umesema kweli yenye uchungu, lakini niongezee upande wa sisi wa chini. Mimi nina watu sita usiku. Nina karatasi ya usingizi ya kila nusu saa, ya kugeuza walalao kitandani, ya joto la friji ya dawa, ya usafi wa choo, ya milango, na daftari la makabidhiano. Mtu akiamka saa nane akitaka tu nimshike mkono, najikuta natazama saa kwa sababu karatasi sita zinanisubiri.

Unajua kinachotokea? Saa kumi na moja alfajiri watu wanajaza usiku mzima kwa mkupuo. "Amelala vizuri. Amelala vizuri. Amelala vizuri." Ukikusanya karatasi hizo za mwaka utaambiwa kuwa nyumba yetu inalala usingizi wa malaika.

Na kuna woga. Ukiandika tukio unaitwa ofisini kueleza kwa nini limetokea kwenye zamu yako. Asiyeandika haitwi. Mwenzangu aliandika matukio manne kwa uaminifu ndani ya wiki mbili, akahamishwa. Waliobaki wakajifunza.

Mleta Uzi

Zamu ya Usiku, asante kwa kusema wazi, na pole. Yote mawili nimeyafanya. Nimejaza kwa mkupuo, na nikiwa kiongozi nimemwita mtu ofisini kwa sababu ya idadi. Hilo la pili ndilo ninalolijutia zaidi.

Kuhusu karatasi kuwa nyingi, sisi tulikaa siku moja na fomu zote mezani, na kwa kila kisanduku tukauliza: nani anakisoma, na akikisoma anaamua nini? Kisanduku kisicho na msomaji wala uamuzi tulikifuta. Karatasi ya kila nusu saa ilibaki kwa mtu mmoja tu, mwenye kifafa, kwa sababu daktari wake aliitumia kweli. Kwa wengine tukabaki na mstari mmoja: ameamka mara ngapi, na alitaka nini. Mkaguzi alipokuja tulimweleza sababu, akakubali. Nilikuwa nimemwogopa miaka mingi bila kuwahi kumuuliza.

Kuhusu woga, kuna wazo la mchumi Charles Goodhart la mwaka 1975 ambalo siku hizi husemwa hivi: kipimo kikishageuzwa kuwa lengo, kinaacha kuwa kipimo kizuri. Ofisi ikisema "tunataka matukio yapungue", kinachopungua haraka ni wino. Nyumba inayoripoti sifuri mwaka mzima ndiyo ningeanza kuitembelea. Tena baada ya mafunzo mazuri idadi hupanda kwanza, kwa sababu watu wameanza kuona walichokuwa hawakioni na kuandika walichokuwa wanakificha. Kiongozi asiyelijua hilo atawaadhibu waliofanya vizuri.

Mama Kijana

Shikamooni mlionitangulia. Mimi ni mzazi, mwanangu ana miaka ishirini na saba, anakwenda kituo cha mchana siku tano. Kila robo mwaka naletewa ripoti nzuri yenye rangi. Kuridhika kwa familia, juu. Kuridhika kwa wahudumiwa, juu zaidi.

Sasa nauliza: nani alimuuliza mwanangu? Maana yeye ukimuuliza "umefurahi?" anasema ndiyo. Ukimuuliza "umechukia?" anasema ndiyo pia. Anataka ufurahi. Hilo analijua kila anayeishi naye.

Mimi ninayotaka kuyajua ni madogo. Ana rafiki? Kuna mtu anayemkosa asipofika? Anachagua yeye akae wapi, au anapangiwa? Mwaka mzima amejifunza kitu gani ambacho hakukijua? Hayo sijawahi kuyaona kwenye rangi zile.

Mleta Uzi

Mama, marahaba. Unachokisema kuhusu "ndiyo" kimeshathibitishwa kitaalamu. Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake huko Marekani waliwauliza watu wenye ulemavu wa akili maswali yanayopingana, wakakuta wengi wanajibu ndiyo kwa yote mawili. Hiyo ni zaidi ya miaka arobaini sasa, na bado dodoso za ndiyo na hapana ndizo zinazojaza ripoti.

Njia zipo. Badala ya "unapenda kituo?", mpe picha mbili achague. Uliza leo, uliza tena wiki ijayo kwa kugeuza mpangilio, uone kama anashikilia jibu. Kwa asiyejibu kabisa, mtazame. Marehemu Jim Mansell, Julie Beadle-Brown na wenzao wa Tizard Centre, Chuo Kikuu cha Kent huko Uingereza, walifanya hivyo kwa miaka mingi: mtazamaji anakaa nyumbani, na kila baada ya muda mfupi uliopangwa anaandika kama mtu anafanya jambo lenye maana au amekaa tu, na kama msaidizi anamshirikisha au anamfanyia. Walichokiona kimenibadilisha. Nyumba mbili zinaweza kuwa na jengo zuri sawa na wafanyakazi idadi sawa, lakini moja watu wake wanapika, wanafua, wanatoka, na ya pili wamekaa kwenye viti wakitazama ukuta. Tofauti ilikuwa jinsi wasaidizi wanavyomshirikisha mtu kwenye shughuli. Ongeza wafanyakazi bila kubadili hilo, utapata watu wengi zaidi waliosimama wakimtazama aliyekaa.

Hayo maswali yako manne, Mama, yaandike. Yapeleke kituoni kama yalivyo.

Mtumia Huduma

Nimesoma toka juu. Nina ulemavu wa viungo, natumia kiti cha magurudumu, nahitaji msaidizi asubuhi na jioni. Niseme lililo moyoni bila kumkosea mtu.

Mleta uzi unasema takwimu "zimrudie" mtu. Kwanza niulizwe kama zichukuliwe. Nimeishi miaka kumi na nne nikiandikwa. Watu nisiowajua wanajua nilioga lini, nilikunywa nini, nilipandisha sauti kwa nani. Siku moja nilikuta faili langu limefunguliwa mezani, wasaidizi wawili wanalisoma wakinywa chai, na mmoja hata hanihudumii mimi. Ibara ya 22 ya mkataba uleule ulioutaja inalinda faragha ya taarifa zetu za afya na za urekebishaji, sawasawa na watu wengine. Sawasawa. Wewe nani anaandika umeoga saa ngapi?

Pili, anayeuliza ni nani. Dodoso la mwisho nililetewa na msaidizi yuleyule ninayeulizwa kuhusu huduma yake. Alisimama nyuma ya kiti changu akisubiri nimalize. Jioni yeye ndiye anayenilaza. Nikaweka alama "nzuri sana" mstari mzima. Nilikuwa namwogopa? Hapana, ni mtu mwema. Lakini kesho nitamhitaji, na keshokutwa pia.

Tatu, mnapima mnachokipenda nyinyi. Mimi nikiulizwa kipimo kimoja cha ubora nitasema: msaidizi amechelewa mara ngapi wiki hii. Akichelewa dakika arobaini nakosa usafiri, nachelewa kazini, bosi ananitazama mimi. Hicho hakimo kwenye fomu zao. Nikaanza kukiandika mwenyewe kwenye simu. Baada ya miezi miwili nikapeleka orodha, tarehe na dakika. Ndipo ratiba ikabadilishwa. Miaka mitatu nilikuwa nikilalamika kwa mdomo nikiitwa mkorofi.

Mleta Uzi

Nimekosea na nakubali. Niliandika kana kwamba takwimu ni zetu na tunamrudishia mwenyewe kwa hisani.

Hilo la anayeuliza lina mfano wa kuigwa. Tangu mwaka 1997 baadhi ya majimbo ya Marekani yana utaratibu wa kuwahoji ana kwa ana watu wenye ulemavu wa akili na wa makuzi kuhusu maisha yao: kazi, marafiki, uchaguzi, usalama. Anayehoji hatakiwi awe yule anayetoa huduma. Kuna pia huduma zinazowafundisha watu wenye ulemavu wenyewe kuwa wahoji, na aliyehojiwa na mwenzake husema mambo ambayo mimi kiongozi wa zamu nisingeyasikia hata kwa miaka kumi.

Na hicho ulichokifanya kwenye simu yako ndicho kitu chenyewe ninachokitafuta. Wewe umechagua cha kupima, umepima, umetumia.

Mpenda Hesabu

Naomba niingie kama mtu wa takwimu, maana ninaona hatari ya watu kukusanya vizuri halafu kusoma vibaya.

Kosa la kwanza ni kulinganisha mwezi huu na uliopita. Matukio matano Machi, manane Aprili, kikao cha dharura. Mei manne, pongezi. Juni saba, onyo. Hakuna kilichobadilika hapo, ni mawimbi ya kawaida. Walter Shewhart alilionyesha hili mwaka 1924, akifanya kazi kwenye viwanda vya vifaa vya simu huko Marekani: kila mchakato una mtikisiko wake wa asili, na ukiufukuza kila ukitikisika unauharibu zaidi. Cha kufanya ni rahisi hata kwa penseli. Chora nukta za wiki au mwezi kwa mpangilio wa tarehe. Pitisha mstari wa katikati, nusu ya nukta juu na nusu chini. Kisha subiri. Ukiona nukta sita au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari, hapo pana kitu kimebadilika kweli, katafute. Andika pembeni tarehe ulizobadilisha jambo: dawa, msaidizi, chumba. Grafu isiyo na tarehe hizo inakuonyesha moshi bila kukwambia moto ulianzia wapi.

Kosa la pili ni kusahau kugawanya. Nyumba yenye watu arobaini ikiwa na maanguko ishirini, na yenye watu watano ikiwa na sita, ya kuhangaikia kwanza ni ya pili. Na hata hapo angalia kama maanguko yote sita si ya mtu mmoja mwenye kiatu kibovu.

Kosa la tatu ni kutouliza kilichohesabiwa ni nini. Huko Australia tume inayosimamia ubora wa huduma za ulemavu iliripoti zaidi ya mara milioni moja za hatua za kumzuia mtu (kumfungia, kumshika kwa nguvu, au kumtuliza kwa dawa) bila idhini katika mwaka wa fedha 2020–21. Idadi inatisha, na inapaswa kutisha. Lakini ni idadi ya mara, si ya watu. Mtu mmoja anayepewa kila siku dawa ya kumzuia bila mpango ulioidhinishwa anaongeza 365 peke yake. Sisemi hivyo kupunguza uzito. Nasema kwa sababu ukijua hivyo unajua pa kushika: mpango wa mtu huyo, na nani anatakiwa kuuidhinisha.

Na Mtumia Huduma ana hoja nyingine ambayo sisi watu wa takwimu huisahau. Nyumba ikiwa na watu wanne, kufuta majina hakufichi kitu. "Mwanamke mmoja, miaka hamsini na kitu, kifafa." Kila jirani anamjua.

Muuguzi Mstaafu

Wanangu, niruhusuni nizungumzie vifo, maana hapo ndipo daftari linapokuwa suala la uhai.

Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Bristol huko Uingereza, uliotolewa mwaka 2013, ulipitia vifo 247 vya watu wenye ulemavu wa akili, kimoja kimoja. Ukakuta wanaume walikufa wastani wa miaka 13 mapema kuliko wanaume wengine, na wanawake miaka 20 mapema. Wengi wangeweza kuokolewa. Dalili zilichelewa kutambuliwa, matibabu yakachelewa, na ndugu waliosema "huyu si mzima" hawakusikilizwa. Kijana wa mleta uzi alinikumbusha hao. Choo kufunga huonekana jambo dogo, lakini kwa mtu asiyeweza kusema na anayemeza dawa nyingi, kinaua. Kuna chati ya aina saba za choo iliyochapishwa mwaka 1997, nayo ilitoka Bristol. Tubandikeni ukutani. Kuandika "amepata" hakutoshi. Andika aina.

Na dawa za kutuliza, naomba mtu asiongeze kabla hajatazama mwili. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya jamii ya Uingereza ilikadiria kuwa watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakimeza kila siku dawa za magonjwa ya akili bila sababu sahihi ya kitabibu. Hilo lilijulikana kwa sababu mtu alikwenda kwenye kumbukumbu za madaktari akahesabu dawa upande mmoja na maradhi upande wa pili.

La mwisho linaniuma zaidi, maana ni la bara letu. Life Esidimeni, kampuni ya hospitali huko Afrika Kusini. Serikali ya jimbo la Gauteng iliwahamisha watu wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili kutoka hospitali za kampuni hiyo hadi kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, mwaka 2015 na 2016. Septemba 2016 kiongozi wa afya wa jimbo akasema waliokufa ni 36. Februari 2017 msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, akatoa ripoti: wasiopungua 94, na mashirika yote 27 leseni zake batili. Mpaka usuluhishi ulioongozwa na jaji mstaafu Dikgang Moseneke unamalizika mwaka 2018, idadi ilikuwa 144.

Kutoka 36 hadi 144. Watu walihamishwa wengine bila faili, bila karatasi ya dawa, ndugu hawajui wamepelekwa wapi. Tunapozungumza takwimu tusiruke hatua ya kwanza kabisa: huyu ni nani, anakula dawa gani, nani wa kumpigia simu. Karatasi moja iliyokaa mwilini mwa mtu anapohamishwa. Na awepo wa kuhesabu asiye mtoa huduma mwenyewe. Mkataba unalisema hilo kwenye ibara ya 16, kwamba huduma zote kwa watu wenye ulemavu zifuatiliwe na mamlaka huru.

Mama Kijana

Muuguzi, nimesoma nikalia. Mwanangu ana pochi shingoni ina namba yangu. Leo nitaongeza dawa zake.

Zamu ya Usiku

Swali fupi kwa mleta uzi. Ofisini wanasema wataleta programu ya kwenye simu, na kwamba itamaliza matatizo haya yote. Unasemaje?

Mleta Uzi

Itasaidia mambo mawili: muda utajiandika wenyewe, kwa hiyo kujaza kwa mkupuo kutaonekana, na madaftari matatu yatakaa mahali pamoja. Kusoma haitawasomea. Kabla haijanunuliwa ulizeni kama mhudumiwa ataweza kuona kilichoandikwa kumhusu, na kama nyinyi wa zamu mtaweza kuchora mstari wa siku tisini bila kuomba ruhusa ofisini. Mkijibiwa kwamba ripoti zinakwenda kwa meneja tu, ni fomu ileile imevaa kioo.

Wala usiisubiri. Anza na mtu mmoja, swali moja linalomhusu yeye, wiki tatu.

Zamu ya Usiku

Wakuu, narudi baada ya siku kumi. Nilichukua mzee mmoja ambaye mchana wasaidizi wanasema ana usingizi na hataki kushiriki chochote. Nikachora karatasi za usingizi za wiki tatu zilizopita, kama mlivyosema, na nyota kwa kila usiku alioamka.

Nyota zote ziko kwenye zamu zangu. Zamu za wengine, hata nyota moja hakuna. Mwanzo nikadhani mimi ndiye ninayemwamsha. Halafu nikamuuliza mwenyewe, polepole, kwa vidole. Anaamka kila usiku. Anasema kuna taa ya korido inayompiga machoni mlango ukiachwa wazi, na mlango unaachwa wazi ili sisi tumwone bila kuingia.

Sasa nifanyeje? Nikipeleka karatasi hii ofisini nimewachoma wenzangu.

Mleta Uzi

Usiipeleke ofisini. Taa kwanza. Funika taa leo usiku, au mlango urudishwe nusu na wewe uingie kumtazama. Kisha kwenye makabidhiano waambie wenzako alichosema mzee, bila kutaja nyota ni za nani. Waombe kwa wiki mbili waandike jambo moja tu: ameamka au hajaamka. Kiongozi wako mweleze wewe mwenyewe, kwa mdomo, kwamba karatasi ya kila nusu saa imekuwa nzito kiasi kwamba haisemi tena kweli. Akikataa kusikia, rudi hapa tusaidiane kuandika barua.

Mtumia Huduma

Kabla ya hizo wiki mbili, muulize mzee kama anataka usingizi wake uandikwe. Akikubali, karatasi ikae chumbani kwake, ukutani, anapoweza kuiona akiwa amelala. Na kalamu pia iachwe huko.